Asante ya punda na deni letu

Wahenga walisema kwamba asante ya punda ni mateke. Katika kufundisha isimu nimeutumia usemi huu mara nyingi kama mfano wa methali zinazokemea utovu wa shukrani. Lakini kila nifikapo Lamu hujiuliza: ni nani hasa amdaiye mwenziwe? Methali hutungwa na wenye ndimi. Punda hana wakili katika lugha.

Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, husifiwa kwa kuta zake za matumbawe, dari za boriti na milango ya nakshi. Vichochoro vyake ni vyembamba mno kupitisha gari. Mawe, mchanga na saruji vikisha kuteremshwa majahazini, hupandishwa mjini kwa mgongo wa punda. Hata hivyo, katika sifa zote hizo, yeye aghalabu huwa pambo la picha za watalii tu.

Waliomwona kuwa mgonjwa walitoka mbali. Shirika la The Donkey Sanctuary, lililoasisiwa nchini Uingereza na Elisabeth Svendsen mwaka 1969, lilifungua kituo mjini Lamu mwaka 1987, wanyama wakatibiwa bila malipo. Maradhi yenyewe si ya ajabu: vidonda vya mgongoni vitokanavyo na shogi zisizotandikwa vyema, kwato zilizorefuka, minyoo na maumivu ya tumbo. Punda afunguliwaye ajitafutie chakula hula majalalani. Plastiki humziba matumbo, naye hana uwezo wa kutapika. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, lakini taka nyingine za plastiki zingalipo.

Yako mabishano kwamba mwenye punda ni maskini, na kwamba huruma ni anasa ya walioshiba. Hoja hii ina uzito, wala siwalaumu wachukuzi peke yao. Mwenye kujenga nyumba anapokaza bei, mchukuzi hufidia kwa kuongeza mawe katika shogi. Gharama iliyopunguzwa katika mapatano hulipwa na asiyekuwapo katika mapatano hayo. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, huhesabu kumtwisha mnyama kupita kiasi kuwa kosa. Lakini askari hawezi kusimama katika kila kichochoro.

Kwa hiyo, hapana budi dawa ianzie kwa wenye nyumba na wenye hoteli. Mjenzi na akubali kulipa safari moja zaidi badala ya kurundika mizigo miwili katika mmoja. Wanaochuma kutokana na uzuri wa mji huu nao wachangie matibabu ya aliyeubeba. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ni kweli. Lakini mwenyeji asiyenyoosha mkono wake hatapona daima kwa hisani ya mgeni.

Siku hizi Wakenya walalamikapo kuhusu kodi husema, "Punda amechoka." Tumeuazima uchovu wake ili tujieleze sisi wenyewe. Ndugu msomaji, aliyetuazima neno hilo angali ufukweni Lamu, akingoja kutwishwa. Tukianza kwa kumpunguzia jiwe moja, tutakuwa tumeanza kulipa deni.