Mvulana wa Eldas hatabisha hodi kwa mshauri

Mvulana wa kidato cha pili anayeugua sonona mara nyingi haonekani mwenye huzuni. Anaonekana mkorofi. Anagombana bwenini, anasinzia darasani kwa sababu usiku hapati usingizi, kila wiki analalamikia kichwa na akipimwa malaria haonekani nayo. Mwalimu anamwandika kwenye daftari la adhabu na mambo yanaishia hapo. Shirika la Afya Duniani linasema thuluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla ya mtu kufika miaka 14 na nusu kabla ya miaka 18, umri ambao mtoto bado yuko mikononi mwa shule. Ukiwa Eldas, Kaunti ya Wajir, na hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, iko zaidi ya kilomita 600, shule ndiyo mlango ulio karibu.

Uchunguzi wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, wa mwaka 2022, ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 walikuwa wamepatwa na tatizo la akili katika miezi 12 iliyotangulia. Kati yao, takriban mmoja tu kwa kila kumi ndiye aliyepata huduma yoyote. Huko Wajir ongeza ukame ulioanza 2020, misimu mitano ya mvua ikapita mfululizo bila mvua ya maana. Mifugo ilipokufa, karo ilikufa nayo, na kifungua mimba akajikuta anabeba mawazo ya nyumba nzima bila kumwambia mtu.

Shule nyingi humteua mwalimu wa ushauri nasaha na kungoja wanafunzi waende kwake. Eldas mpango huo unakwama mapema. Baada ya magaidi kuwaua walimu watatu Kamuthe, Garissa, Januari 2020, Tume ya Kuwaajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Waliobaki walilemewa na vipindi. Tena mji ni mdogo: mvulana akionekana akiingia ofisi ile, habari zitamfikia mjomba wake kabla ya Magharibi. Hatabisha hodi, na simlaumu.

Kwa hiyo msaada umfuate darasani. Taasisi ya Shamiri ilijaribu jambo hili katika shule za sekondari za Nairobi na Kiambu, na matokeo yakachapishwa 2021. Wanafunzi 413 waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi walikutana katika vikundi vidogo, saa moja kwa wiki, wiki nne, baadhi wakifuata mpango wa Shamiri na wengine wakifundishwa mbinu za kusoma. Walioongoza hawakuwa madaktari bali vijana waliomaliza shule na kupewa mafunzo mafupi. Mpango wa Shamiri haukuanza kwa kuzungumzia ugonjwa. Ulianza na habari kwamba akili na tabia ya mtu hubadilika, kisha kila mwanafunzi akaandika kuhusu jambo lililokuwa likimshinda na jinsi alivyolimudu. Baadaye wakazungumzia shukrani, halafu mambo wanayoyathamini maishani. Dalili za waliofuata mpango huo zilipungua kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma, na nafuu hiyo ilionekana hata miezi saba baadaye.

Naipenda njia hii, lakini Eldas ningeibadilisha kidogo ili isimtenge mvulana yeyote. Darasa zima liketi, anayeumia na asiyeumia, pasiwe na wa kunyooshewa kidole. Viongozi wawe vijana wa kiume wa huko huko waliomaliza kidato cha nne, na mazungumzo yawe kwa Kisomali, maana mtu hatafuti maneno ya uchungu wake kwa lugha ya mtihani. Mwalimu wa duksi, yaani chuo cha Qurani, ahusishwe tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye wazazi watakayemwendea kuuliza kama jambo hili linafaa, na dini yenyewe inahimiza kutafuta tiba.

Wapo watakaosema wanaume wa Wajir hawasemi yanayowauma. Mwaka 2011, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipofika Wajir, wazee walisimulia hadharani mauaji yaliyofanywa na askari wa serikali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984: walivyovuliwa nguo, wakalazwa juani siku kadhaa bila maji, wakawaona ndugu zao wakiuawa. Walisema kwa sababu mtu aliwafuata, akaketi, akawasikiliza. Ilichukua miaka 27. Mvulana wa miaka 15 hawezi kungoja hivyo.

Na akishasema, asigeuzwe mhalifu: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Walimu waambiwe hilo waziwazi, ili mvulana akikiri kwamba amefikiria kufa wamuite muuguzi, wasikimbilie polisi. Na shule isianze kuwauliza wavulana kuhusu kujiua kabla haijakubaliana na kituo cha afya kuhusu nani atampokea mwenye shida, siku gani, na nani atalipa nauli ya kwenda Wajir mjini ikihitajika.