Kwa Miguu Kutoka Kamembe Hadi Mji wa Chini

Askari apataye likizo na kutaka kuitembeza jamii yake pasipo gharama kubwa, yafaa aikumbuke Rusizi. Matembezi huanzia Kamembe, juu kilimani, penye soko na maduka. Viatu viwe imara: kuteremka ni rahisi, bali kupanda tena na mtoto mgongoni ni shughuli nyingine.

Kabla ya kushuka, uwanja wa michezo wa Kamarampaka usipitwe kwa haraka. Mwezi Aprili 1994 Watutsi walikusanywa humo. Baadhi yao waliitwa kwa majina, wakatolewa nje na kuuawa. Watoto waliokwisha kupata akili waelezwe papo hapo, kwa sauti ya upole, wala wasifichwe.

Chini ukingoni mwa Ziwa Kivu ndipo ulipo Cyangugu, mji mkongwe ambao jina lake lilikuwa la mkoa mzima hadi 2006. Biashara nyingi imekwisha kuhamia Kamembe. Ng'ambo huonekana Bukavu, ulioitwa Costermansville zama za Wabelgiji. Katikati hupita Mto Rusizi, utokao ziwani humo kwenda Tanganyika. Wadachi, Wabelgiji na Waingereza waliufanya mpaka kwa mapatano ya 1910, pasipo kuwauliza wenye mashamba.

Jioni wavuvi hutoka na taa zao kutafuta sambaza. Samaki hao waliletwa kutoka Tanganyika kuanzia 1959. Hukaangwa wazima, na hata mtoto aogopaye miba huwala.