Maumivu ya Muundi kwa Mkimbiaji
Huko Mafinga, ambako vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa huamkia mchakamchaka katika baridi ya Mufindi, maumivu ya muundi aghalabu humpata yule aliyeongeza mwendo ghafla juu ya barabara ngumu, kwa viatu vilivyochakaa, kabla mfupa na misuli iushikayo haijapata wasaa wa kuzoea mishindo.

Dawa ya kwanza ni istirahi: mkimbiaji na apumzike, aukande muundi kwa maji baridi, kisha, maumivu yakitulia, arejee taratibu kwenye njia za udongo za misitu ya Sao Hill, akizidisha masafa kidogo kidogo kila juma.

Lakini uchungu ukikaza mahali pamoja, au ukimwamsha usiku, yamkini mfupa umeingia ufa; hapo kustahimili si ushujaa, bali ni wajibu kumwendea tabibu bila taksiri.