Kabla Hujatuma Arabuni ya Shamba, Kagua Hati na Moto

Umeona tangazo: ekari moja Laikipia, bei poa. Broka anakuharakisha: "Kuna wateja watatu wanangoja. Tuma arabuni leo nikushikie." Tulia kidogo. Ukishatuma na mwenye namba akatoa pesa, kuirudisha ni kazi ngumu. Tunakushauri uanze na haya.

1. Fanya sachi mwenyewe. Omba nakala ya hati miliki, kisha fanya upekuzi rasmi kwenye Ardhisasa au katika ofisi ya usajili wa ardhi ya eneo hilo. Utajua mwenye shamba ni nani, kama benki inalishikilia kwa mkopo, na kama kuna mtu ameweka zuio. Ada ukiilipa kwa eCitizen, Paybill ni 222222, si namba ya broka.

2. Ulizia bodi na familia. Mashamba mengi ya kilimo huhitaji kibali cha bodi ya ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 baada ya mkataba. Bila kibali, mauzo ni batili. Kama ni mali ya ndoa, mume au mke wa muuzaji lazima akubali.

3. Nenda na mpima ardhi. Alinganishe alama za mipaka na ramani. Wengine huonyeshwa shamba moja, wakauziwa lingine.

4. Ulizia moto. Hati haitakuambia habari ya moto. Tembelea shamba Februari au mapema Machi, kabla ya mvua ndefu, nyasi zikiwa zimekauka. Ni majira hayo ambapo Mlima Kenya uliungua Machi 2012, na Aberdare Februari 2022. Waulize majirani: moto ulipita hapa lini? Huanzia wapi, kwa wachoma makaa, warina asali ama wanaosafisha shamba? Maji yako karibu? Barabara inapitisha gari la zimamoto? Majibu yanaweza kushusha bei, ama kukufanya uachane na shamba hilo.

Yote yakiwa sawa, saini mkataba na upitishe arabuni kwa wakili wako. Hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni lake.

Na broka akisema shamba litachukuliwa kesho? Mwambie lichukuliwe. Pesa yako bado unayo.