Soko la Muttrah: Msafiri na Achunge Ulimi Wake na Watoto Wake

Msafiri atokaye pwani yetu akafika Maskati katika nchi ya Omani, ni vigumu kuona mahali pa kumstaajabisha na kumkumbusha kwao kwa wakati mmoja kama soko la Muttrah. Soko hili li karibu na ufuko wa bahari, chini ya majabali makavu na ngome ya kale iliyojengwa na Wareno juu ya mwamba. Watu wa zamani waliliita Soko la Giza, kwa sababu vichochoro vyake ni vyembamba na vimeezekwa, hata jua halikupata kupenya, na wanunuzi walihitaji taa mchana. Siku hizi taa za umeme zimeliondoa giza hilo, lakini msongamano ungalipo.

Adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa ajili ya joto kali. Baada ya alasiri hufunguliwa tena, na ifikapo magharibi watu huwa wamejaa hata bega hugusana na bega. Ilikuwa katika saa hizo jamaa moja ya Mombasa ilipoingia sokoni: baba, mama, binti wa miaka 12, na mtoto mwanamume wa miaka saba. Baba alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia. Kabla ya kuingia, aliwasimamisha watoto penye lango lielekealo baharini, akawaambia, "Atakayepotea na arudi hapa, asimame, asiende popote."

Ndani yake mna vitu vya kupendeza sana. Yako majambia yenye ala za fedha, na kofia zilizodariziwa kwa mkono mfano wa zile za Unguja. Ziko sarafu kubwa za fedha za Maria Theresa, zenye tarehe ya mwaka 1780, ambazo zamani zilitumika katika biashara ya Arabuni na ya pwani yetu pia, na nyingi ziliyeyushwa na masonara zikawa mapambo. Iko halwa ipikwayo kwa sukari, wanga, samli, zafarani na iliki. Lakini kinachotangulia kumfikia mgeni ni harufu ya ubani.

Ubani ni utomvu wa mti umeao Dhofar, upande wa kusini wa nchi hiyo. Gome la mti huchanjwa, utomvu ukatoka kama machozi, ukaachwa ugande. Kisha huchaguliwa, na ule uliotakata, wenye rangi ya kijani kidogo, ndio wa thamani kubwa.

Mama alitaka kumpelekea mamaye ubani wa namna hiyo. Alisimama katika duka la mzee mmoja, akauliza bei kwa Kiarabu kidogo alichokijua, akaambiwa riali 6. Akamgeukia mumewe akasema kwa Kiswahili, "Twende zetu. Mzee huyu ni mwizi mtupu."

"La, binti yangu," mzee akajibu kwa Kiswahili safi cha Unguja. "Mwizi hataji bei, huchukua tu. Bei ya kwanza ni salamu, nawe hujaitikia."

Mama aliona haya, asijue aweke wapi uso wake. Kabla hajapata neno la kuomba radhi, binti yake alipiga kelele: "Mama, mdogo wangu hayupo!"

Baba akataka kukimbilia huku, na mama akataka kukimbilia kule. "Simameni!" mzee akawaamuru. "Mkitawanyika, nitakuwa na watu wanne wa kutafuta badala ya mmoja. Mlimwagiza aende wapi akipotea?" Baba akamtajia lile lango. Papo hapo mzee akamtuma mjukuu wake aende mbio, naye mwenyewe akawapigia kelele wenye maduka ya jirani, kwa Kiarabu na kwa Kihindi. Habari ikapita duka kwa duka, upesi kuliko mtu awezavyo kukimbia katika msongamano ule.

Baada ya muda uliokuwa mrefu sana kwa wazazi, mjukuu alirudi amemshika mtoto mkono. Alikuwa amemkuta langoni, amesimama kama alivyoagizwa, machozi yakimtiririka. Maskini, alikuwa ameshika kanzu nyeupe akiifuata, na alipoinua macho akaona si ya baba yake. Na katika soko lile karibu kila mwanamume huvaa kanzu.

"Shikamoo, mzee wangu," mama akasema. "Niwie radhi kwa neno langu."

"Marahaba. Limekwisha," mzee akajibu. Akawaeleza kwamba alizaliwa Unguja, akaondoka mwaka 1964 baada ya mapinduzi, akiwa kijana wa miaka 13. Wako wengi kama yeye. Katika karne ya 19 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alihamishia makao yake Unguja, na watu wengi wakavuka bahari kumfuata. Baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, wengi wa vizazi vyao walikaribishwa kurudi, wakarudi na Kiswahili chao. Kwa hiyo mpaka leo lugha hii husikika Maskati, majumbani na madukani.

Ndipo mama akaiitikia ile salamu kwa kutaja riali 3, na wakapatana kwa riali 4.

Wasafiri wengi hudhani ya kuwa wakifika ugenini lugha yao imekuwa chumba cha siri. Sivyo. Mtu amsemaye mwenziwe vibaya kwa sababu adhani hasikiwi, huenda punde si punde akamhitaji mtu yule yule. Na aendaye sokoni na watoto, kwanza na awaonyeshe mahali pa kukutania, kisha ndipo awaonyeshe bidhaa.