Kilomita 17 za Emmitt Smith

Ukijumlisha mbio zote ambazo Emmitt Smith alikimbia na mpira mkononi katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, unapata yadi 18,355. Hizo hazifiki hata kilomita 17, safari ya asubuhi moja kwa mtu mwenye miguu mizima. Yeye zilimchukua misimu 15, tangu 1990 hadi 2004, na mpaka leo hakuna aliyezifikia.

Katika mchezo huo, timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikishindwa, mpira ni wa wapinzani. Mkimbiaji hukabidhiwa mpira nyuma ya mapande ya watu wanaosukumana kifua kwa kifua, atafute upenyo kabla wapinzani hawajamwangusha. Smith alikabidhiwa mara 4,409, na kila mara alipata wastani wa yadi 4.2. Ni kidogo, lakini mara tatu mfululizo yadi 10 zimeshapita.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaowapima wakimbiaji kwa kasi peke yake. Wapo waliomzidi Smith mbio. Alichokuwa nacho ni subira ya kungoja wenzake wamfungulie njia, na mwili uliokubali kuinuka tena.

Tarehe 2 Januari 1994, Dallas Cowboys yake ilicheza na New York Giants, mshindi akitwaa ubingwa wa kundi. Kabla ya mapumziko aliangukia bega likateguka. Angetoka, nani angemlaumu? Alirudi uwanjani, na kila alipoangushwa wenzake walimnyanyua taratibu kwa upande mzima. Alimaliza na mbio 32 na yadi 168, akadaka pasi 10 juu yake. Dallas ilishinda 16-13 katika muda wa nyongeza, na mwezi huohuo ikatwaa Super Bowl, yeye akiwa mchezaji bora wa fainali hiyo.

Rekodi ya Walter Payton, mkimbiaji aliyeongoza kabla yake kwa yadi 16,726, aliipita tarehe 27 Oktoba 2002 dhidi ya Seattle, akiwa na miaka 33. Alipenya katikati ya miili, akajikwaa, akaelekea kuanguka. Akaweka kiganja chini, akajisawazisha, akaendelea. Yadi 11.