Sebeya Ilipofurika, Nani Aliwauliza Wajawazito?

Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua iliporomosha vilima vya magharibi mwa Rwanda na mto Sebeya ukafurika. Zaidi ya watu 130 walikufa nchini. Wilaya ya Rubavu, iliyo na sekta ya Kanzenze, ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Miaka miwili kabla ya hapo, volkano ya Nyiragongo ililipuka ng'ambo ya mpaka, nchini Kongo, na ardhi ikatetemeka kwa siku kadhaa, nyumba za mji wa Gisenyi, huko Rubavu, zikapasuka. Mwanamke wa huku angeweza kuyapitia yote mawili, kila mara akiwa na mimba.

Je, hofu yake humfikia mtoto? Huko Quebec, Kanada, watafiti waliwafuatilia akina mama waliokuwa wajawazito karibu na dhoruba ya barafu ya Januari 1998. Walioteseka zaidi walielekea kusema watoto wao wa miezi 6 ni wasumbufu, wanaotaka kushughulikiwa kila wakati. Anayeshukiwa zaidi ni kortisoli, homoni ya taharuki. Kondo la nyuma huvunja nguvu ya sehemu kubwa yake kabla haijamfikia mtoto, lakini ulinzi huo si kamili.

Utafiti ulio karibu zaidi na Kanzenze ni wa Goma, mji wa Kongo ulio ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2012, mtafiti Connie Mulligan na wenzake walichapisha utafiti wa akina mama 25 waliojifungulia huko. Waliopitia mateso mengi, yakiwemo ya vita, walizaa watoto wenye uzito mdogo, na kwa watoto hao jeni inayoongoza mwitikio wa mwili kwa kortisoli ilikutwa na alama zaidi za kikemia. Wanawake 25 ni wachache, na uzito si hulka. Isitoshe, mama aliyechoka huweza kumwona mtoto msumbufu kuliko alivyo, na hulka nyingine ni ya kurithi tu.

Kwa hiyo wanaomwambia mjamzito "acha mawazo" hawamsaidii, wanamwongezea hatia. Atayaachaje, shamba la viazi likiwa limesombwa?

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuingiza afya ya akili katika huduma za uzazi. Vijijini Rwanda pa kuanzia papo: washauri wa afya, abajyanama b'ubuzima, humfahamu mjamzito nyumbani kwake. Wamuulize kama analala, kama anakula, kama mume anamsaidia au ndiye anayemtisha. Na jibu likiwa baya, wampeleke kwa muuguzi wa afya ya akili hospitalini, kama wanavyompeleka mwenye damu iliyopanda.